Rangi Haiponyi Kutu



Mara nyingi baada ya Misa ya Dominika, mkiwa mmeliegemea gari la kijani linalosimama chini ya mwembe wa parokia, mmeniuliza maswali yale yale: "Papa Katekista, mbona gari hili lilikaa garaji miezi 14? Na mbona lilikula fedha nyingi hivyo na bado linadondosha mafuta?" Nimezoea kuwajibu kwa mzaha. Lakini ninyi mlifyatua matofali na kuuza mandazi ili gari hilo litengenezwe, na mwenye kuchangia anastahili kupewa hesabu. Leo natoa hesabu hiyo. Sehemu yake moja inahusu vyuma na mafundi, ili siku mtakapopeleka gari la zamani kwa fundi mjue mtakayokutana nayo. Sehemu nyingine inahusu kosa langu mwenyewe, ambalo baraza la parokia linalijua, lakini ninyi hamjaambiwa.

Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana wetu anatoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara. Anatukumbusha kwamba mtu huyo huketi kwanza akahesabu gharama, asije akaweka msingi tu, akashindwa kumaliza, na wapita njia wakamcheka. Mfano huo nimeufundisha kwa zaidi ya miaka 20. Siku ilipofika zamu yangu ya kuketi na kuhesabu, sikuketi.

Gari lenyewe

Gari letu ni Land Rover ya aina ya Series III, ile ndefu, iliyoundwa mwaka 1974. Lililetwa parokiani na padri mmisionari aliyeliendesha mpaka uzee wake. Limebeba saruji ya kanisa hili, limebeba akina mama wajawazito usiku, limebeba majeneza. Wazazi wa wengi wenu walibatizwa na padri aliyeshuka kutoka katika mlango wake wenye kibonyeo.

Ni vema mjue jambo moja juu ya magari haya, kwa maana bila hilo hamtaelewa yaliyotupata. Land Rover ya kwanza ilioneshwa hadharani mjini Amsterdam mwaka 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, na chuma kilitolewa kwa mgawo. Kwa hiyo waundaji walilivika gari lao mabati ya mchanganyiko wa alumini. Alumini hailiwi na kutu kama chuma. Ndiyo sababu magari haya, hata yakizeeka, uso wake huendelea kuonekana mzima. Lakini chini ya mabati hayo iko shasi, yaani mifupa inayobeba injini, magurudumu na abiria, na shasi ni ya chuma. Mihimili yake ina uwazi ndani, kama mianzi. Maji ya mvua na matope hupenya humo na kukaa, kisha kutu huanza kula kutoka ndani kuja nje. Siku unapoiona kutu nje, ndani imekwisha kushiba.

Kosa la kwanza

Mwaka 2022 baraza la parokia liliniweka kuwa msimamizi wa kamati ya gari. Jumuiya zilikuwa zimekusanya dola 700. Sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, tarehe 15 Agosti, ilikuwa karibu, na wageni walitarajiwa. Nilitaka gari lipendeze siku hiyo. Nikalipeleka kwa mpaka rangi aliyeahidi kulimaliza kwa wiki mbili, nami nikamlipa fedha zote siku ile ile.

Siku tisa kabla ya sikukuu nilikwenda kutazama kazi. Chini ya gari alikuwa amelala kijana mmoja mwanagenzi, wa umri wenu, akikwangua matope. Akaniita: "Papa, njoo utazame hapa." Nikainama. Alichukua bisibisi akaigusisha kwenye mhimili wa nyuma, karibu na pale springi inaposhikwa, akasukuma kidogo tu. Bisibisi ikazama mpaka mpini. Vipande vya kutu vikamwagika kifuani pake kama majani makavu.

Nilimtazama yeye, kisha nikahesabu siku zilizobaki. Nikasema: "Funika, mwanangu. Paka rangi nyeusi. Tutaliona baada ya sikukuu." Alisita. Nikarudia kwa ile sauti ninayoitumia darasani mtoto anapouliza swali mara ya pili. Basi akajaza mastiki, akapaka rangi nyeusi, na tundu halikuonekana tena.

Siku ya sikukuu gari liling'aa. Watu walipiga vigelegele, na jina langu lilitajwa katika shukrani. Baada ya sikukuu sikuliangalia tundu lile. Kila nilipokumbuka, nilijiambia kwamba gari linatembea vizuri.

Mwezi Desemba, mvua zikiwa zimekolea, gari lilikuwa likirudi kutoka kituo cha mbali kupitia barabara ya Kasenga. Nyuma walikaa wanakwaya sita. Dereva alikuwa akienda polepole kwa sababu ya mashimo, na huo ndio mkono wa Mungu uliotuokoa. Ulisikika mlio kama wa tawi kavu linalovunjika. Springi ya nyuma ilikuwa imeng'oka pamoja na kipande cha shasi, gari likainama, likateleza mpaka mtaroni. Binti mmoja alivunjika kifundo cha mkono. Wengine walitoka na michubuko.

Katika kikao cha baraza watu walisema: "Gari ni zee, tufanyeje?" Nami nikatikisa kichwa pamoja nao. Hilo lilikuwa kosa la pili, na naliona kuwa kubwa kuliko la kwanza. La kwanza nililifanya kwa haraka. Hili nililifanya nikiwa nimeketi, nikiwa na muda wote wa kusema kweli.

Kupiga nyundo kabla ya kutaja bei

Tuliamua kulitengeneza gari upya, safari hii kwa fundi wa kweli, mzee aliyejifunza kazi katika shule ya ufundi ya Wasalesiani hapa Lubumbashi. Mwezi Julai 2023 lilivutwa kwa kamba hadi garaji lake. Padri paroko alikuja, nami pamoja na wajumbe wawili wa baraza.

Jambo la kwanza mtakalokutana nalo kwa fundi mwema ni hili: hatataja bei. Sisi tulitaka bei papo hapo. Yeye alichukua taa na nyundo ndogo, akaingia chini ya gari, akakaa huko karibu saa nzima. Nilimkumbuka Nehemia, ambaye kabla ya kujenga upya kuta za Yerusalemu alizunguka usiku akiyakagua mabomoko, wala hakumwambia mtu neno. Fundi aligonga shasi hatua kwa hatua, akisikiliza. Chuma kizima hulia kama kengele. Chuma kilichooza hujibu kama debe lenye mchanga.

Alipofika kwenye mhimili wa nyuma alinyamaza. Kisha akakwangua kando ya mahali palipovunjika, akatoka na ganda la mastiki lenye rangi nyeusi mkononi. Akasema: "Kutu haikujificha hapa. Hapa palifichwa na mtu aliyeona."

Hakuwa ananituhumu, alikuwa anasoma chuma tu, kama daktari anavyosoma kovu. Lakini nilijua kwamba nikinyamaza mara ya tatu, sitaweza tena kusimama mbele ya watoto wa Komunyo ya kwanza na kuwafundisha maungamo. Nikasema: "Ni mimi niliyeagiza pafunikwe." Nikaeleza yote, mbele ya paroko na wajumbe, huku fundi akifuta mikono yake kwa kitambaa na kutazama pembeni ili kunihifadhi aibu.

Nilikwenda baadaye kuungama katika Sakramenti ya Upatanisho, na nilikwenda nyumbani kwa yule binti na wazazi wake. Baraza lilichukua uamuzi wa haki: fedha za gari zitashikwa na mtu mwingine, nami nitakwenda garaji kila Alhamisi kutazama kazi na kuleta taarifa. Hivyo ndivyo nilivyojifunza nitakayowaambia sasa.

Mambo ya kutarajia

Kwanza, amueni gari litatumika kwa kazi gani. Fundi alituuliza kama tunataka gari la maonyesho, lenye kila skrubu kama lilivyotoka kiwandani, au gari la kazi, salama na imara, lenye makovu yake. Njia hizo mbili zina gharama na muda usiolingana hata kidogo. Mwenye gari asipochagua mwanzoni, atabadili nia katikati, na kila kubadili nia kuna bei. Sisi tulichagua gari la kazi. Fundi akaongeza sharti lake: kipande cha asili kikiweza kutengenezwa, hakitatupwa. Pia alilinganisha namba iliyochongwa kwenye shasi na ile iliyoandikwa katika hati ya gari, maana namba zisipopatana, mwenye gari anaweza kupata taabu ya kisheria hata kama gari ni zuri namna gani.

Pili, tarajieni makadirio yenye sehemu mbili. Fundi aliandika dola 3,800 kwa yale aliyoyaona, kisha akasema: "Wekeni robo nyingine kwa yale nisiyoyaona." Tulinung'unika. Lakini gari la zamani ni kama nyumba ya tope. Ukiondoa lipu ndipo unapokuta mchwa. Robo hiyo ilikuwa dola 950. Mwisho wa kazi tulikuwa tumetumia dola 4,950, yaani tuliipita akiba kwa dola 200 tu. Mwogopeni fundi anayewapa bei moja ya mwisho kabla hajafungua chochote. Ama hajui, ama ameamua mapema kutokuona.

Tatu, lipeni kwa hatua. Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 12, tunasoma kwamba miaka mingi ilipita bila hekalu kutengenezwa ijapokuwa fedha zilitolewa. Ndipo likawekwa sanduku lenye tundu kwenye kifuniko, fedha zikahesabiwa na kupewa wale waliosimamia kazi, nao wakawalipa maseremala na waashi. Imeandikwa pia kwamba wasimamizi hao hawakudaiwa hesabu kwa sababu walikuwa waaminifu. Sisi hatukuthubutu kujifananisha nao, kwa hiyo tulidai risiti. Malipo yaligawanywa mara nne: baada ya kulifungua gari, baada ya shasi, baada ya injini na breki, na baada ya rangi. Vipuri vilivyoondolewa tulirudishiwa, ili tuone kwamba kweli vilibadilishwa. Fundi mwaminifu hakasiriki kwa kuombwa hayo. Wetu ndiye aliyetushauri.

Nne, tarajieni gari kuonekana baya kuliko lilivyokuja. Baada ya wiki tatu nilikuta shasi peke yake juu ya vigogo, milango ukutani, injini sakafuni, na mamia ya skrubu. Moyo ulinishuka. Nilidhani gari limekufa na fedha zenu zimepotea. Lakini kila skrubu ilikuwa katika kifuko chenye karatasi, na kila hatua ilipigwa picha kabla ya kufunguliwa. Wengine wenu mlikuja kuandika karatasi zile; mwandiko wenu ndio uliorudisha gari pamoja. Vurugu yenye majina ni kazi inayoendelea. Vurugu isiyo na majina ndiyo ya kuogopwa.

Tano, tarajieni habari mbaya, na baadhi ya habari njema. Sakafu chini ya miguu ya dereva ilikuwa imeoza. Mabomba ya breki yalikuwa membamba kama ganda la yai, yakabadilishwa yote. Chini ya viraka tulikuta viraka vya zamani zaidi. Nilifarijika kidogo kujua kwamba mimi si mfichaji wa kwanza, kisha nikaona haya kwa faraja hiyo. Lakini injini, ambayo sisi sote tuliihukumu kwa sababu ya moshi wake, ilipopimwa mgandamizo katika silinda zake nne ilionekana kuwa na nguvu. Ilihitaji kusafishwa na kubadilishiwa mipira iliyochakaa, basi. Tulikuwa tumelaumu kilicho kizima na kusifu kilichooza, kwa kuwa kimoja kilipiga kelele na kingine kilinyamaza.

Sita, tarajieni kungoja. Fundi alisema miezi minane, ikawa 14. Vipuri vingine vilitoka Afrika ya Kusini, vikapita Zambia, vikakwama mpakani Kasumbalesa. Kimoja kilifika kikiwa si chenyewe. Zilikuwapo Alhamisi ambazo nilikuta gari halijaguswa, na fundi akitengeneza lori la mtu mwingine ili apate chakula cha watoto wake. Mwanzoni nilimpigia simu kila siku. Ikawa muda anaotumia kunijibu anauiba kutoka kwenye kazi yetu. Tukapatana siku moja ya juma: nafika, ananionyesha, ananiambia kinachokawia na kwa nini. Tangu hapo hatukukosana. Ucheleweshaji wenye maelezo huvumilika, hata ukiwa mrefu.

Saba, chuma hukatwa mpaka palipo pazima. Hili ndilo lililonigusa kuliko yote. Nilidhani fundi atachukua bati jipya na kuliunganisha juu ya tundu. Akacheka: "Mwalimu, moto haushiki kutu." Kipande kipya hakiwezi kuunganika na chuma kilichooza, lazima ukate, na ukifika palipo pazuri uongeze kidogo, ndipo uunganishe. Tundu la ukubwa wa kidole likawa pengo la urefu wa mkono wangu. Kabla ya kukata, aliitegemeza shasi pande zote na kuipima, isije ikapinda. Alikata sana, lakini hakukata ovyo.

Baada ya kuunganisha, alinyunyiza mafuta mazito ya kuzuia kutu ndani ya mihimili. Nikaona ameyaacha matundu madogo chini yake. Nikamwuliza kwa nini asiyazibe. Akajibu kwamba kwa njia hiyo maji hutoka. Tope likiyaziba, kutu itarudi. Ndiyo sababu kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi mnaniona nimewakabidhi waya na maji myasafishe. Si adhabu. Sote tunahitaji mlango mdogo wa kutolea nje yale yaliyoingia, kabla hayajakaa sana, na mnajua ni wapi Kanisa limetuwekea mlango huo.

Nane, rangi ni ya mwisho, na kazi yake kubwa hufanyika kabla ya kupaka. Mimi nilianza nayo mwaka 2022. Fundi aliifikia mwezi wa 13. Siku nyingi zilikwisha kwa msasa, kuosha, kukausha, kisha msasa tena. Alumini hukataa rangi ya kawaida. Hutakiwa kwanza rangi ya msingi ya namna yake ili ile ya juu ishike. Kupaka kwenyewe kulichukua siku mbili. Kibonyeo cha mlango aliuliza kama akinyooshe. Mzee mmoja wa jumuiya alisema padri alikipata akimbeba mama wa mtu usiku wa mvua. Tukakiacha.

Tisa, gari linalorudi si gari jipya. Usukani ni mzito, kelele ipo, na hayo matone ya mafuta mnayoyaona chini ya mwembe ni desturi ya Land Rover nyingi za umri wake, tunayapima, hayazidi. Kilomita 1,000 za kwanza tuliliendesha polepole, kisha likarudi kwa fundi likabadilishiwa mafuta, na skrubu zikakazwa tena, kwa maana vyuma vilivyounganishwa upya huhitaji kuzoeana. Anayelipokea gari na kutokomea asirudi tena kwa fundi, hajamaliza kulitengeneza.

Kijana wa bisibisi

Katika miezi ile nilimtafuta yule mwanagenzi. Nilimkuta sokoni akiuza makaa. Nilimwomba msamaha. Alinitazama kwa mshangao, kisha akasema kwa upole: "Papa, mimi nilidhani ndiye niliyekosa. Nilidhani ndivyo kazi inavyofanywa."

Maneno hayo yaliniuma kuliko kikao chochote. Nimesomea ualimu, nimejaribu kufundisha kusoma, kuhesabu na kusali. Na kwa dakika moja, chini ya gari, nilimfundisha kijana somo ambalo alilishika vizuri kuliko yote: kwamba ukiona ubovu, mkubwa wako atakuambia ufunike. Macho yake yalikuwa mazuri. Mimi ndiye niliyeyafumba.

Nilimpeleka kwa fundi wetu Alhamisi moja. Mzee alimpa nyundo, akamwambia agonge shasi na kueleza anachosikia. Alipatia karibu kila mahali. Alirudi Alhamisi tatu, kisha hakuonekana tena. Naambiwa yuko Kolwezi. Ningependa kuwaambia kwamba leo ni fundi mkubwa, lakini sijui lolote zaidi ya hapo. Msamaha nilipewa, kila nilichoharibu hakikurudi. Namwombea.

Mnafahamu habari za Mwenyeheri Floribert Bwana Chui, mlei kijana wa nchi yetu, aliyetangazwa Mwenyeheri mjini Roma tarehe 15 Juni 2025. Alifanya kazi Goma ya kukagua bidhaa. Alipewa fedha ili aruhusu chakula kilichoharibika kiingie sokoni, akakataa, na mwaka 2007 aliuawa. Hakukubali kilichooza kipite kwa watu kwa sababu tu karatasi zingesema ni kizima. Mimi sikutishwa na mtu, wala sikupewa fedha. Nilichoogopa ni kuikosa sikukuu ya kupendeza. Ninapoweka mambo hayo mawili pamoja, najua ni kwa nini Kanisa linawaonyesha ninyi yule kijana, wala si mimi.

Hata hivyo nawaandikia, kwa kuwa baadhi yenu mtakuwa wasimamizi: wa fedha za kikundi, wa karakana, wa darasa, wa familia. Siku moja mtu mdogo kuliko wewe atakuita akisema: "Njoo utazame hapa." Utakuwa na haraka, na wageni watakuwa njiani. Tafadhali, inama. Tazama. Na kama sikukuu itapita bila gari kung'aa, na ipite.

Kwa tafakari kikundini

1. Someni Luka 14:28-30. Ni kazi gani ya kikundi chetu tuliyoianza na rangi badala ya kuianza na shasi?

2. Je, wadogo wetu wanaweza kutuambia ubovu waliouona bila kuogopa sauti yetu? Tufanye nini ili waweze?

3. Nani kati yetu anashika fedha za wote, na ni lini mara ya mwisho alipotoa hesabu?

Tusali

Ee Yesu, uliyejifunza kazi ya mikono katika nyumba ya Yosefu, wewe unajua mahali penye tundu ndani yetu. Utupe ujasiri wa kukuonyesha kabla hapajavunjika, uvumilivu wa kukaa mikononi mwako siku zote utakazohitaji, na masikio ya kumsikia mdogo anapotuita tutazame. Mama Maria, utuombee. Amina.